Mashine ya kukaushia nguo imegoma: tafuta chanzo kabla ya kununua kipuri

Mvua za Machi hadi Mei zikishika, na tena zile za Septemba hadi Novemba, kamba ya nguo uani haifai kitu. Kwa nyumba za Kampala, Entebbe au Jinja zenye mashine ya kukaushia, huo ndio wakati inapofanya kazi kupita kiasi, na ndio wakati inapogoma. Fundi huitwa, fyuzi ya joto hubadilishwa, mashine hufanya kazi siku nne, kisha inakufa tena. Fyuzi ya joto haiungui bure. Imeungua kwa sababu joto lilikosa njia ya kutoka, na njia hiyo isipotafutwa, fyuzi mpya itaifuata ile ya zamani.

Maelezo haya yanahusu mashine za umeme za aina mbili: inayotoa hewa yenye unyevu nje kwa bomba, na inayogeuza mvuke kuwa maji na kuyakusanya kwenye tangi. Mashine za pampu ya joto zina mfumo wa gesi kama wa friji. Chujio, mkanda na roli zake utazishughulikia kwa njia hii hii, lakini mabomba ya gesi mwachie fundi wa friji. Baadhi yake hutumia gesi ya R290, ambayo ni propani na inashika moto.

Kabla ya kufungua

Chomoa plagi kabisa. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu soketi iliyofungwa waya kinyume huacha umeme ndani ya mashine hata swichi ikiwa imezimwa. Kapasita ya mota hubaki na chaji baada ya plagi kutoka, kwa hiyo gusisha ncha zake mbili kwa waya za balbu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi, kwa sekunde chache. Vaa glavu nzito, maana kingo za bati la ndani hukata kama wembe. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuchomoa. Vifaa vinavyohitajika ni multimita, bisibisi ya nyota na ya bapa, koleo, brashi laini na tochi.

Haiwaki kabisa

Anza nje ya mashine. Angalia salio la Yaka (mita ya umeme wa kulipia kabla), kisha breka. Chomeka pasi kwenye soketi ileile. Pasi ikipata moto, fungua plagi ya mashine na upime fyuzi yake: iwe ya ampea 13, na multimita ilie ukigusa ncha zake mbili. Tazama pia rangi ya ndani ya plagi. Plastiki iliyogeuka kahawia au waya uliokauka na kukatika ni dalili ya skrubu iliyolegea. Mashine ya wati 2500 huvuta zaidi ya ampea 10 kwa muda mrefu, na kiungo kilicholegea hakivumilii mkondo huo. Plagi ya namna hiyo haikazwi tena, hubadilishwa, na soketi ikaguliwe pia.

Taa za mashine zikiwaka lakini isianze, sababu mara nyingi ni ndogo. Kufuli ya watoto imewashwa, na huondolewa kwa kushikilia kitufe chake sekunde chache. Tangi la maji limejaa. Au mlango haubonyezi swichi yake. Funga mlango polepole usikilize: lazima kuwe na mlio mdogo wa "tik". Usipousikia, chunguza ulimi wa mlango kama umevunjika, kisha pima swichi yenyewe kwa kuibonyeza kwa kidole huku multimita ikiwa imeunganishwa.

Vyote vikiwa sawa na mashine bado iko kimya, kilichobaki ni fyuzi ya joto (kwenye mashine nyingi za Marekani ndiyo inayokata hata mota), waya uliotafunwa na panya, au bodi ya umeme. Kwenye bodi tafuta alama nyeusi, kipuri kilichopasuka, na mjusi au mende aliyekufa akiwa ameunganisha nukta mbili za umeme. Uganda ina radi nyingi, na kipuri cha kwanza kufa radi inapopiga karibu ni varista, ile sahani ndogo ya buluu au ya njano karibu na mahali umeme unapoingia. Fundi wa elektroniki huibadilisha kwa bei nafuu kuliko bodi nzima, kama radi haikupita zaidi ya hapo.

Inaangusha breka

Wakati inapoangusha ndio unaokuambia chanzo.

Ikiangusha mara tu unapochomeka plagi, tatizo liko kwenye kamba ya umeme au kwenye kichujio cha umeme kilicho mwanzoni mwa njia. Ikizunguka kwanza na kuangusha joto linapoingia, shuku elementi, yaani kipuri kinachopasha joto: uzi wake umelegea na kugusa bati, au kauri yake imepasuka. Ikiangusha baada ya dakika kumi au ishirini, uzi unalegea ukipata moto, au unyevu umeingia kwenye mota. Toa waya zote mbili za elementi, weka multimita kwenye kipimo kikubwa cha ohmu, mguso mmoja kwenye ncha ya elementi na mwingine kwenye bati tupu. Kisisome chochote. Kikisoma, elementi imekwisha. Multimita hutumia volti ndogo, kwa hiyo hitilafu inayojitokeza kwenye volti 240 tu huweza kuipita. Fundi mwenye mega (kipimo cha uvujaji wa umeme) ya volti 500 ataiona.

Usikubali kamwe waya wa ethi ukatwe ili breka iache kuanguka. Umeme unaovuja utabaki kwenye bati, ukimsubiri mtu mwenye mikono mibichi, na kwenye chumba cha kufulia kila mtu ana mikono mibichi.

Mota inavuma, ngoma haizunguki

Fungua mlango na uzungushe ngoma kwa mkono. Ikizunguka kwa wepesi bila kuvuta chochote, mkanda umekatika. Ukihisi uzito wa mota, mkanda upo. Ikiwa ngumu sana, kitu kimebana: soksi kati ya ngoma na ukingo, roli iliyokwama, au feni iliyosongwa na kitambaa. Katika mashine nyingi mota moja huendesha ngoma upande mmoja na feni upande wa pili, kwa hiyo kilichoshika feni huzuia vyote.

Mkanda huwa na maandishi mgongoni, kwa mfano 1930 H7: urefu wa milimita 1930 na mistari 7. Nenda dukani na mkanda wa zamani hata ukiwa vipande viwili. Upande wenye mistari hulalia ngoma na kapi ya mota, na mgongo laini hupita kwenye roli ya kukazia. Roli hiyo nayo izungushe kwa kidole. Ikikwaruza, ndiyo iliyokata mkanda, na ukiiacha itakata mwingine.

Mkanda ukiwa mzima na mota inavuma tu, pima kapasita. Iliyoandikwa µF 8 ikisoma 5 imekufa, hata kama kwa nje haikuvimba. Nyingine iwe na µF zilezile na volti zisizopungua zilizoandikwa, kwa kawaida 450. Kapasita ya feni ya dari ni ndogo mno kwa kazi hii: mota itaanza kwa shida, ipate moto, na mwisho usukaji wake uungue. Ukijaribisha mashine inayovuma, izime ndani ya sekunde tatu kwa sababu hiyohiyo.

Inazunguka, nguo hazipati joto

Hakikisha kwanza haikuwekwa kwenye programu ya hewa baridi. Kisha fungua mfuniko wa nyuma ufuate njia ya umeme wa joto. Kwa kawaida hupitia thamostati ya kawaida, kinga ya joto kali, kisha elementi. Kwenye kila kipuri chomoa angalau waya mmoja kabla ya kupima, la sivyo multimita itasoma njia nyingine na kukudanganya.

Ohmu za elementi hupatikana kwa hesabu: volti mara volti, gawanya kwa wati. Kwa volti 240, elementi ya wati 2000 isome karibu ohmu 29, na ya wati 2500 karibu ohmu 23. Mashine nyingi za Ulaya zina nyuzi mbili ndani ya kasha moja, kwa mfano wati 1000 kila mmoja, ambao husoma karibu ohmu 58. Uzi mmoja ukikatika mashine haifi. Inakuwa vuguvugu na inachukua muda maradufu, na watu huhangaika na chujio miezi mizima.

Uvuguvugu huo una hatari nyingine hapa kwetu. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Wengi hukausha nepi na mashuka kwa mashine ili kumwepuka. Ikiwa nguo zilikaa kwenye kamba kwanza na mashine yako haipati joto kamili, zipigwe pasi ya moto zote, hasa kwenye mishono na mipira ya kiuno, mpaka elementi itengenezwe.

Thamostati ikiwa baridi iwe imefunga, yaani multimita ilie na ohmu ziwe karibu na 0. Kihisi joto chenye waya mbili nyembamba hupimwa kwa namna nyingine: soma ohmu zake, kisha kishike kwenye kiganja. Namba zikishuka taratibu kadiri kinavyopata joto la mkono, kipo hai. Zikiganda au zikirukaruka, kimekufa.

Sasa kinga ya joto kali. Zipo zenye kitufe kidogo katikati, ambazo hurudi kwa kubonyezwa, na zipo zinazokufa mara moja na kubadilishwa, ndizo fyuzi za joto. Mpya iwe na nyuzi joto zilezile na ampea zilezile zilizochapwa mwilini mwake. Kuiruka kwa kipande cha waya ni kuondoa kitu cha mwisho kinachozuia vumbi la nguo lisishike moto. Hata "kwa usiku mmoja tu" hapana.

Kisha jiulize kwa nini ilikata. Mara nyingi zaidi ni hewa kuziba, na tutafika hapo. Sababu ya pili hutajwa mara chache ingawa kwetu ni ya kawaida: umeme kukatika mashine ikiwa katikati ya kazi. Feni inasimama ghafla, elementi bado ni nyekundu, na joto lote linabaki pale penye kinga. Umeme ukikatika mashine ikiwa inazunguka, zima swichi na ufungue mlango papo hapo, utandaze nguo. Sababu ya tatu ni feni iliyolegea kwenye shafti, ambayo huzunguka kwa uvivu huku mota ikienda kasi. Ishike kwa mkono: isicheze.

Inapata joto lakini nguo hazikauki

Malalamiko haya ndiyo mengi kuliko yote, na kwa sehemu kubwa hakuna kipuri kilichoharibika.

Anza na chujio. Toa vumbi, kisha mimina maji juu yake chini ya bomba. Maji yakisimama badala ya kupita, matundu yamezibwa na utando wa dawa ya kulainisha nguo, usioonekana kwa macho. Osha kwa maji ya moto, sabuni na brashi laini, na likauke kabisa kabla ya kurudi. Ingiza mkono wenye brashi ndani ya nafasi linapokaa chujio, kwa sababu chini yake hujaa bumba la nyuzi.

Kwa mashine ya bomba, jaribio ni hili: chomoa bomba mgongoni mwa mashine, fungua madirisha, tia mataulo mabichi mawili na uendeshe dakika 15. Kama yanakauka haraka kuliko kawaida, kosa liko kwenye bomba. Bomba liwe la milimita 100, la aluminiamu, fupi iwezekanavyo. Kila kona inapunguza upepo, na bomba la plastiki lenye mikunjo hushika nyuzi kwenye kila mkunjo na kulegea kwa joto. Halafu toka nje utazame mdomo wake. Nyumba nyingi zimefunga wavu wa mbu pale, kwa nia njema, na wavu huo huziba kwa nyuzi ndani ya wiki chache. Uondoe, uweke kifuniko chenye ulimi unaofunguka kwa upepo na kujifunga mashine ikizimwa. Kizuie mbu, nyigu na ndege bila kuzuia hewa.

Kwa mashine ya tangi, vuta kondensa (sehemu inayogeuza mvuke kuwa maji) iliyo chini mbele na uioshe kwa maji yapitayo kati ya mapezi yake, mara moja kwa mwezi. Usitumie kisu wala waya, mapezi hujikunja. Mashine hii hupoza mvuke kwa hewa ya chumba. Ukiifungia kwenye stoo isiyo na dirisha, chumba kinakuwa jiko, mvuke haugeuki maji, na tangi linatoka tupu huku nguo zikiwa mbichi. Tangi tupu ni dalili nzuri ya kufuata.

Tazama pia maji mnayoingiza. Lita 1 ya maji inahitaji zaidi ya uniti 0.6 za umeme kuwa mvuke, hata mashine isipopoteza joto lolote. Kilo 5 za pamba zilizokamuliwa kwa mkono zinaweza kubeba lita 5 au zaidi, yaani uniti 3 na ushei kabla ya hasara. Nguo zilezile zikizungushwa kwa mizunguko 1000 kwa dakika kwenye mashine ya kufulia hubaki na lita 3 hivi. Anayelalamika kwamba Yaka inaisha, mara nyingi dawa yake iko kwenye ukamuaji.

Mwisho ni volti. Nguvu ya elementi huporomoka kuliko volti zenyewe: ya wati 2000 kwa volti 240 hutoa takriban wati 1390 tu volti zikishuka hadi 200, na 1125 zikifika 180. Pima kwenye soketi iliyo karibu na ya mashine mara mbili, mashine ikiwa imezimwa na ikiwa inapasha. Zikishuka kutoka 238 hadi 205 joto linapoingia, waya wa nyumba ni mwembamba au viungo vimelegea. Njia ya soketi hii iwe ya waya wa milimita za mraba 2.5. Kamba ya kurefushia iliyoviringishwa kwenye rili yake isitumike, itayeyuka. Zikiwa 200 hata kabla ya kuwasha chochote, hilo si la fundi wa nyumbani. Liripoti kwa msambazaji, ambaye kwa maeneo yaliyokuwa ya kampuni ya Umeme ni UEDCL, kampuni ya serikali, tangu Aprili 2025, na hamisha ukaushaji kutoka jioni kwenda saa nne asubuhi, watu wengi wakiwa hawapiki.

Inasimama mapema

Ndani ya ngoma, upande wa mbele, kuna vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu kwa kugusa nguo. Dawa ya kulainisha huvipaka utando, mashine ikadhani nguo zimekauka. Vifute kwa siki nyeupe au spiriti. Nguo mbili tatu pekee hazivigusi vya kutosha, kwa hiyo ongeza taulo au tumia programu ya muda. Kama mashine nzima inazimika na kukubali tena baada ya nusu saa, mota inajikinga na joto: toa nyuzi zilizoifunika, kisha chunguza roli na kapasita.

Kelele na harufu

Mdundo mzito unaopungua baada ya dakika chache ni roli iliyopata ubapa kwa kukaa bila kazi. Usipopungua, badilisha roli, zote kwa pamoja. Mlio mkali kama wa filimbi hutoka kwenye roli ya kukazia au beringi ya nyuma. Msuguano wa chuma kwa chuma, pamoja na mistari myeusi kwenye nguo, ni pedi za mbele zilizokwisha au ukanda wa feltu uliotoka mahali pake. Mlio wa kengele ni sarafu. Grisi iwe ya kuvumilia joto, kidogo tu. Mafuta ya kupikia au ya pikipiki hugeuka gundi ya vumbi.

Harufu ya kuungua: zima, chomoa, fungua, usafishe nyuzi zote kuzunguka elementi kabla ya kuwasha tena. Mataulo ya masaji, vitambaa vya jikoni na ovaroli za gereji hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa. Mafuta hayo huendelea kujipasha moto yenyewe ndani ya rundo, na huweza kuwaka saa kadhaa baadaye. Zianike juani.

Maji sakafuni kwa mashine ya tangi ni pampu ndogo iliyozibwa na nyuzi, au boya lake limekwama. Fungua, osha, rudisha.

Mashine zilizotoka nje zikiwa zimetumika

Za Uingereza na Dubai huja tayari kwa umeme wetu wa volti 240 na hezi 50. Za Japani ni za volti 100. Za Marekani ndizo zinazowapotosha wengi, kwa sababu bango lake linaandika 120/240: elementi hutumia 240, lakini mota na saa hutumia 120 na zimeundwa kwa hezi 60. Ukiiunga moja kwa moja, mota inaungua. Hata ukiweka transfoma kwa ajili ya mota, kwa hezi 50 itazunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, feni itapuliza kidogo, elementi itabaki na moto uleule, na kinga ya joto itakata kila mara. Kama bado haujainunua, iache.

Baada ya kufunga

Endesha ikiwa tupu dakika 5 huku ukisikiliza. Ukiwa na mita ya kubana, ishike kwenye waya wa laivu peke yake: mashine ya wati 2000 isome ampea 8 hivi, pamoja na kidogo cha mota. Kwa mashine ya bomba, weka kipima joto kwenye mdomo wa nje. Joto lipande, kisha lisimame na kushuka thamostati inapokata, likipanda tena baada ya muda. Likipanda mfululizo bila kukata, zima: thamostati imeganda. Mwisho tia mataulo manne yaliyokamuliwa vizuri, andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na ubandike karatasi hiyo mgongoni mwa mashine. Siku muda huo ukirefuka kwa robo saa, toa chujio na bomba kwanza.